Kila Jani na Saa Yake

Picha ambayo bibi harusi mtarajiwa alimwonyesha fundi wa mapambo ilitoka Marekani, kwenye majimbo ya kaskazini mashariki ambako mwezi wa Oktoba misitu hugeuka rangi ya chungwa na damu ya mzee kabla majani hayajapukutika. Ndani yake mlikuwa na ghala la mbao, malenge yamepangwa ngazini, meza zimetandikwa magunia na kandili zinaning'inia kwenye boriti. "Nataka hivi, mama," akasema. Fundi aliikuza picha kwa vidole viwili, akaipitia kona hadi kona, kisha akauliza jambo moja tu: harusi ni mwezi gani? Agosti. "Basi itawezekana, mwanangu. Ungeniambia Aprili ningekwambia ununue satini."

Kianjai iko kando ya barabara ya kutoka Meru kwenda Maua, Tigania Magharibi, kidogo tu kaskazini ya ikweta. Hapa hakuna majira ambayo miti yote hugeuka rangi kwa pamoja kama iliyoamriwa. Lakini Agosti ina mambo yake. Mvua za masika zilikatika tangu Mei. Mahindi na maharagwe ya msimu huo yameshavunwa, na shambani yamebaki mabua yanayochakarika upepo ukipita. Shule zimefungwa, wenye kazi Nairobi wameomba likizo, na magari ya kukodi yana bei ya Agosti. Asubuhi kuna mawingu na ubaridi wa kuvalia sweta, adhuhuri vumbi jekundu. Desemba nayo ni ya harusi, ila upande huu wa Mlima Kenya mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo mkulima anazozitegemea zaidi, na tenti iliyosimikwa kwenye tope haina raha. Anayetaka harusi yenye sura ya mavuno ana Agosti, na ana wiki chache tu ndani yake.

Nimewatazama wapambaji wengi kuanzia Embu hadi Maua. Wengi wana ghala la maua ya plastiki, na siwalaumu: ua la plastiki halina haraka, unalitoa kwenye gunia, unalipangusa, unalichomeka, na Jumamosi ijayo unalichomeka kwingine. Huyu wa Kianjai hutumia vitu vilivyo hai au vilivyokwisha kufa vyenyewe, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kuhesabu saa. Akishajua tarehe huchukua daftari la shule, akaandika "saa nane" juu kabisa ya ukurasa. Saa nane mchana ndipo maharusi wanapoingia kutoka kanisani. Kadi husema saa sita, lakini kadi haijui urefu wa mahubiri wala mpiga picha aliyeona mti mzuri njiani. Kutoka hapo anateremka ukurasa akirudi nyuma: hili hudumu saa moja, likatwe saa saba; hili hustahimili nusu siku, likatwe alfajiri; hili linataka usiku kucha ndani ya maji; hili linataka wiki mbili. Bibi harusi anaona rangi. Fundi anaona ratiba ya kunyauka, na kwangu mimi ufundi wake wote umo humo.

Chini kabisa ya ukurasa kuna mtama. Anauagiza Tharaka, kwenye nchi ya joto huko chini, ule wa masuke mekundu, na humwomba mkulima aukate na bua lenye urefu wa mkono mzima badala ya kuukata shingoni kama ilivyo desturi. Ukifika, anayapukusa majani yote, anayafunga mabua matano matano kwa uzi wa katani, na kuyatundika kichwa chini ndani ya stoo yenye giza. Nilimwuliza kwa nini kichwa chini. Akalichukua suke moja bichi na kulisimamisha: shingo ikainama papo hapo kwa uzito wa mbegu. Likikauka limesimama, litakauka limeinama, na hakuna fundi atakayelinyoosha bila kulivunja. Likikauka likining'inia, uzito uleule unaivuta shingo inyooke. Giza nalo ni kwa ajili ya rangi, maana jua la wiki mbili huufanya ule wekundu uwe wa matofali yaliyochakaa. Kila baada ya siku chache anaingia stoo, anapitisha viganja kati ya mafungu kusikia kama kuna unyevu, na kuyatenga yaliyobanana yasije yakaota ukungu. Kazi ya stoo haimletei sifa yoyote, kwa kuwa siku ya harusi hakuna atakayejua kwamba masuke yangeweza kuinama.

Mabua ya mahindi hayana shida. Yamekufa tayari, yanadumu kuliko ndoa nyingine, na mwenye shamba anafurahi ukimwondolea, ingawa mwenye ng'ombe hafurahi. Malenge pia: yakivunwa na kikonyo chake hukaa wiki nyingi. Anachochagua ni umbo. Linalolala upande halifai, linalokalia kitako ndilo.

Ugumu unaanza kwenye vyenye maji mwilini. Kijani chake cha kila siku ni mkima, yaani grevilia, mti ulioletwa kutoka Australia kuwa kivuli cha kahawa na chai na ambao leo umezunguka mipaka ya mashamba karibu yote ya Meru na Embu. Wakati wa kiangazi wakulima hupunguza matawi kwa ajili ya kuni, kwa hiyo majani ni ya bure. Jani la mkima limechanika kama la kangaga, juu kijani, chini rangi ya fedha, na lina tabia nzuri ya kuzeeka: badala ya kulegea hukauka taratibu likiwa limeshika umbo lake. Akatapo asubuhi, jioni bado ni pambo. Juu ya tao la kuingilia, lililosukwa kwa mianzi, huyapanga kwa kupishanisha, moja limegeuziwa uso na lingine mgongo, hata upepo ukivuma tao lote linameta.

Mgomba una hesabu nyingine. Kusimamisha migomba mizima langoni ni desturi ya sherehe nyingi za Afrika Mashariki, na ni rahisi kufanya uharibifu kwa kukata miche michanga. Huyu anaomba mgomba ambao mkungu wake umeshashushwa, kwa kuwa mgomba huzaa mara moja tu na baada ya hapo mwenye shamba angeukata mwenyewe kuwapisha watoto wake. Shina lake limejaa maji, hivyo ukisimikwa alfajiri majani yatasimama hadi jua litue. Jani moja moja lililokatwa la kutandika chini ya vyakula halina bahati hiyo. Hupasuka ukilikunja na kujikunjakunja adhuhuri. Basi yeye hulipitisha haraka juu ya moto wa jiko, mgongo ukielekea makaa, mpaka linang'aa na kulainika kama ngozi iliyopakwa mafuta. Mpishi yeyote wa pwani anayefunga samaki anaijua kazi hii. Hapa imehamia mapambo.

Kisha kuna ile rangi ya chungwa na shaba aliyoitaka bibi harusi. Marekani inatoka kwenye majani yanayokufa. Kianjai fundi anaipata kwenye majani yanayozaliwa. Mwembe ukichipua, majani yake machanga hutoka na rangi ya shaba iliyokolea, wakati mwingine karibu na zambarau, kabla hayajakomaa na kuwa kijani. Si kila mwembe huchipua kwa wakati mmoja, kwa hiyo wiki nzima ya mwisho anatembea akiwa ameinua shingo kwenye maboma ya watu. Tatizo ni kwamba jani changa ni laini mno. Likikatwa na kuachwa hewani, muda si mrefu linaning'inia kama kitambaa kilicholowa. Hayo ndiyo aliyoyaandikia saa saba kwenye daftari. Kijana wa pikipiki anakwenda na ndoo ya maji, anakata, anatumbukiza papo hapo, anarudi, na matawi yanaingia kwenye chupa zilizofichwa nyuma ya malenge ya meza kuu tu. Kwingine kote anadanganya kwa maganda makavu ya mahindi yaliyochovywa kwenye chai nzito ya rangi. Kwa mbali huwezi kutofautisha. Kwa karibu unaona, lakini walio karibu ni wazee, nao wako kwenye chakula.

Mawaridi hayahitaji kusafiri mbali. Kwenye miinuko ya Timau, ndani ya kaunti hiihii ya Meru, kuna mashamba makubwa yanayolima mawaridi ya kuuzwa ng'ambo, na yale yasiyofikia kipimo cha soko la nje huishia sokoni kwetu. Shina fupi ni kasoro Ulaya. Kwenye kibuyu cha Kianjai shina fupi ndilo linalotakiwa. Yanafika Ijumaa. Anakata ncha ya kila shina kwa mshazari ili isikalie chini ya ndoo na kuziba njia ya maji, anaondoa majani yote yatakayozama, na kwenye maji anatia sukari kidogo na tone la jiki, sukari chakula, jiki ya kuua vijidudu vinavyoozesha. Ndoo zinalala kivulini hadi asubuhi.

Namna anavyoyafunga mawaridi kwa safari fupi ya kutoka nyumbani kwake hadi uwanjani ndiyo iliyonisimamisha. Anatandika jani la mgomba, anayalaza vichwa vyote upande mmoja, anakunja pembe ya chini, anaviringisha, anakaza kwa ukanda wa gamba la mgomba, na kifungo hakina fundo: ncha inapitishwa chini na kubanwa. Mtu wa milima ya Nyambene hahitaji kuelezwa. Ndivyo miraa inavyofungwa. Miraa inataka kumfikia mlaji ndani ya siku mbili hivi, ikipita hapo nguvu yake imepotea, kwa hiyo nchi hii ya Tigania na Igembe imeishi kwa kushindana na kunyauka tangu kabla ya barabara ya lami. Jani la mgomba huhifadhi unyevu bila kuchemsha kilichomo ndani, ubaya ambao karatasi ya plastiki inao. Fundi huyu aliifunga miraa utotoni, jioni baada ya shule, kama watoto wengi wa hapa. Mikono yake ilikuwa imekwisha kujifunza mapambo kabla hajajua kwamba kuna kazi inayoitwa hivyo.

Na miraa imo kwenye harusi yenyewe tangu mwanzo. Kabla ya kadi na keki kuna ncoolo, bunda maalumu lililofungwa kwa uangalifu, analopelekewa baba wa msichana kutangaza nia. Halafu ruracio, yaani mahari: kondoo jike na kondoo dume, mtamba, fahali, na asali. Harusi ya shela na keki ilikuja na Wakatoliki wa Consolata na Wamethodisti, waliofika Meru mwanzoni mwa miaka ya 1910, na haikuyafuta hayo, iliyapanga tu siku nyingine. Hata bajeti ya mapambo hupumua kwa pumzi ya miraa. Uingereza ilipoipiga marufuku Juni 2014, na Somalia ilipofunga soko lake kati ya 2020 na 2022, pigo liliingia hadi kwenye michango ya kamati za harusi. Fundi wa malenge na mabua hufanya vizuri zaidi miaka kama hiyo kuliko mwenye kukodisha taa za vioo.

Lakini kupunguza gharama ndiko kulikoleta vita vya magunia. Mama wa bwana harusi alipoona sampuli alisimama. "Gunia? Mezani? Watu wa Kianjai watasema tumekosa hata kitambaa." Na mimi, ambaye nilikuja nikiupenda mtindo huu wa kishamba, nilimwona yuko sahihi. Gunia lina uzuri kwa mtu aliyelikimbia. Kwa mwanamke aliyelibeba mgongoni limejaa viazi na kulitandika chini wakati wa kupura maharagwe, kumwekea gunia siku ya kumwoza mwanawe ni kumrudisha kazini. Fundi hakubishana. Alisema, "Mama, wewe ndiye mwenye siku. Nipe mpaka Alhamisi."

Alichofanya kati ya hapo na Alhamisi kilikuwa kazi ya kushona. Magunia ya mkonge yalifuliwa mara tatu mpaka harufu ya mafuta ikatoka, yakaanikwa, yakapigwa pasi ya makaa yakiwa bado na unyevu. Kupata ukingo mnyoofu hatumii rula. Anachagua uzi mmoja wa mlalo, anaukamata kwa kucha, na kuuvuta polepole huku mkono wa pili ukisukuma kitambaa nyuma, mpaka uzi wote unatoka na kuacha kijia chembamba kilichonyooka tangu pindo hadi pindo. Mkasi unafuata kijia. Kisha anachomoa nyuzi nyingine za pembeni ili pindo liwe na mashada. Matokeo yake ni utepe wenye upana wa shibiri moja, ambao ulilazwa katikati ya kila meza juu ya kitambaa cheupe kilichofika hadi chini, kimepigwa pasi, hakina lawama. Meza ya wazee haikuwa na gunia hata kidogo. Ilipewa satini ya damu ya mzee. Makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, yako Nchiru, kwenye barabara hiihii, na mzee wa baraza hilo huwezi kumkalisha mbele ya gunia ukamweleza habari za mitindo. Mama mtu alizunguka meza ya mfano, akaushika utepe, akausugua kati ya vidole. "Hii haifanani na gunia," akasema, na hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano.

Kuhusu rangi ana msimamo wa kikatili: nyeupe, hudhurungi ya gunia, damu ya mzee. Kijani anakihesabu kuwa cha bure. Mjumbe mmoja wa kamati alileta maputo ya chungwa, kwa moyo mzuri. Yalifungwa kwenye lango la watoto, mbali na kamera, na watoto waliyamaliza kabla ya sala ya kufungulia.

Tenti si zake, hukodiwa, lakini haziachi zisimikwe hovyo. Agosti udongo ni mgumu kama sakafu, kwa hiyo Ijumaa jioni anamwaga maji pale vigingi vitakapopigwa, na usiku udongo unalegea. Kigingi kinainamishwa mbali na tenti. Ncha fupi ya tenti inaelekezwa magharibi na kufungwa kitambaa kizito, kwa kuwa kuanzia saa tisa jua linaingia kwa upande huo na keki yenye sukari ya kuyeyuka haingoji hotuba. Njia ya katikati ni pana kuliko anavyotaka mwenye kukodisha viti. Akina mama wanaingia wakicheza, watatu kwa safu, viondo mabegani, vigelegele juu, na njia nyembamba ingewafanya wapite kama walio kwenye foleni ya benki. Nyuma anaacha uwanja mtupu wa zawadi, na mara hii uwanja ulimezwa na tangi la maji na magodoro.

Shifoni ya darini anaifunga mwenyewe. Anasimama kwenye ngazi, anaukunja upana wote wa kitambaa kwa mikunjo ya kidole kimoja, kushoto, kulia, kushoto, anaibana mikunjo kwa uzi kwenye bomba la juu, kisha anaachia, nayo inafunguka yenyewe ikishuka. Kule ukingoni anapiga pini huku akiacha ulegevu wa kiganja. Vijana wake hupenda kuvuta mpaka kitambaa kikaze, kwa sababu kilichokaza kinapendeza saa mbili asubuhi. Saa nane upepo ukianza kuitikisa tenti, kilichokaza kinachanika kwenye pini, na chenye ulegevu kinacheza.

Jumamosi kuanzia alfajiri sikuona haraka yoyote, jambo lililonishangaza. Migomba, kisha mkima, kisha mtama uliochomekwa kwenye viondo vilivyowekwa mawe chini ili visipinduke. Mtoto mmoja alikodiwa kwa soda mbili afukuze kuku, ambao walikuwa na maoni yao kuhusu masuke. Mzinga wa gogo la muringa, ulioazimwa kwa jirani, ulikataliwa dakika ya mwisho: fundi aliunusa, akasema bado una nta, na hataki nyuki waje kudai nyumba wakati wa keki. Badala yake kibuyu cha asali kiliwekwa peke yake mbele ya wazazi wa bibi harusi, bila waridi, bila utepe. Nilipomwuliza mbona hakukipamba, alinitazama kwa huruma. "Hicho si pambo. Hicho wanakijua."

Saa saba na nusu pikipiki ilirudi na ndoo ya majani ya mwembe. Saa nane na dakika chache honi zilisikika upande wa barabarani.

Kufikia saa kumi na mbili jioni majani ya mwembe yalikuwa yamelala kabisa, kama daftari lilivyosema, na hakuna aliyekuwa akiyatazama. Wageni, ambao walikuwa wengi kuliko viti, waliondoka na malenge chini ya kwapa. Jirani mwenye ng'ombe aliyebembelezwa tangu Jumatano alikuja na mkokoteni kuchukua mabua na migomba. Masuke ambayo kuku hawakuyafikia yalipanguswa na kufungwa kwenye shuka kwa ajili ya harusi nyingine huko Muriri. Mengine yalikuwa yameshahudhuria sherehe tatu. Mweka hazina wa kamati alipita akisema hesabu zitamalizika Jumatatu. Fundi, akiwa bado juu ya ngazi na pini mdomoni, alizitoa pini moja moja kabla ya kujibu. "Baba, Jumatatu nitakuwa nafua vitambaa vyenu. Tuma sasa, nikiwa bado huku juu mnaniona." Simu yake ikalia mfukoni. Akaitoa, akasoma kiasi, akasoma tena, kisha akaita kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa wakipakia viti:

"Na ya kutoa?"